Namba 69,274,296 kuanzia kwenye tarakimu hadi kwenye vigawo: mwongozo kamili wa kuichambua namba kubwa

Ukiangalia 69,274,296 unaona tarakimu nane na si zaidi. Ni namba shufwa, inakaribia milioni sabini, basi. Hata hivyo namba hiyo ina vigawo 192, ina njia 48 za kuandikwa kama tofauti ya namba mbili za mraba, haina hata njia moja ya kuandikwa kama jumla ya namba mbili za mraba, na desimali za 1 ÷ 69,274,296 hujirudia kila baada ya tarakimu 864. Yote haya unaweza kuyapata kwa penseli na karatasi.

Kazi ngumu ni moja tu, nayo ni kuivunja namba iwe zao la namba tasa, yaani namba zinazozidi 1 ambazo hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ukimaliza hapo, yaliyobaki ni kuzidisha na kujumlisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu imekwenda kwenye kuvunja. Nimechagua namba hii kwa sababu kila mbinu inayofaa kujulikana inapata nafasi ya kufanya kazi, lakini hatua ni zilezile kwa namba yoyote utakayokutana nayo.

Hatua ya 1: Tafuta kipeuo cha pili kwanza

Watu wengi huanza kugawanya papo hapo. Anza na kipeuo cha pili, kwa sababu ndicho kinachokwambia uishie wapi. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, haiwezekani zote mbili ziwe kubwa kuliko kipeuo chake. Kwa hiyo ukijaribu namba tasa zote hadi kwenye kipeuo bila kupata kigawo, namba hiyo ni tasa, na huna haja ya kuendelea.

Kwa mkono inafanyika hivi. Kisia namba rahisi iliyo karibu: 8,300 × 8,300 = 68,890,000. Toa kwenye namba yetu, zinabaki 384,296. Gawanya kwa mara mbili ya kisio lako, yaani 16,600, unapata 23 na kidogo. Jumlisha: 8,323. Hakiki: 8,323² = 69,272,329, na 8,324² = 69,288,976. Namba yetu iko katikati ya hizo mbili, kwa hiyo yenyewe si namba ya mraba, na kikomo cha majaribio ni 8,323.

Kati ya 1 na 8,323 kuna namba tasa zaidi ya elfu moja. Usiogope. Kila kigawo unachokitoa kinashusha kikomo, na sisi tutakishusha mpaka 102.

Hatua ya 2: Toa 2, 3 na 5 kwa kuangalia tarakimu

Kwa 2 kuna vipimo vingi: tarakimu mbili za mwisho kwa 4, tatu za mwisho kwa 8, nne za mwisho kwa 16. Ni vizuri kuvijua, lakini kwa kazi hii mimi huona ni haraka zaidi kugawa kwa 2 mfululizo mpaka itoke namba witiri:

69,274,296 → 34,637,148 → 17,318,574 → 8,659,287

Tumegawa mara tatu, kwa hiyo tuna 2³, na tunaendelea na 8,659,287. Haiishii na 0 wala 5, basi 5 haimo.

Kwa 3 na 9 jumlisha tarakimu: 8 + 6 + 5 + 9 + 2 + 8 + 7 = 45. Arobaini na tano inagawanyika kwa 9, na namba nzima inagawanyika pia. Sababu yake ni kwamba 10 inazidi 9 kwa 1, 100 inazidi 99 kwa 1, 1,000 inazidi 999 kwa 1, na kadhalika. Kila tarakimu, iwe kwenye mamoja au kwenye mamilioni, inaacha baki sawa na yenyewe unapogawa kwa 9.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kanuni ya kujumlisha tarakimu ni ya 3 na 9 peke yake. Haiendi hadi 27. Namba 1,899 ina jumla ya tarakimu 27, lakini 1,899 ÷ 27 inaacha baki 9. Njia salama ni kugawa, kisha kupima upya kile kilichopatikana:

8,659,287 ÷ 9 = 962,143

Tarakimu za 962,143 zinajumlishwa kuwa 25, na 25 haigawanyiki kwa 3. Kwa hiyo tuna 3² na si zaidi.

Jenga tabia hiyo kwa kila kigawo: ukikipata, gawa, halafu jaribu kilekile tena kabla ya kusogea mbele. Kusahau kigawo kilichojirudia hakuonekani mapema, ila kunaharibu hesabu zote zinazofuata.

Hatua ya 3: Pima 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na sielewi kwa nini hakifundishwi zaidi. Zao la 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kwa kuwa 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa 1, unaweza kuikata namba katika makundi ya tarakimu tatutatu kutoka kulia, ukajumlisha na kutoa kwa zamu. Jibu linaacha baki zilezile za namba ya awali kwa 7, kwa 11 na kwa 13.

Kwa 962,143 makundi ni mawili: 143 na 962. Tofauti yao ni 819. (Alama ya kutoa haibadilishi kitu tunapotafuta kugawanyika tu.) Sasa pima 819:

819 = 7 × 117, hakuna baki.
819 = 11 × 74, baki 5.
819 = 13 × 63, hakuna baki.

Kwa hiyo 7 na 13 zimo, 11 haimo. Gawa: 962,143 ÷ 7 = 137,449, kisha 137,449 ÷ 13 = 10,573. Rudia kipimo kwa 10,573: 573 − 10 = 563, ambayo haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu. Tumemaliza nazo.

Hatua ya 4: Kipande kigumu kilichobaki

Tumebaki na 10,573. Kipeuo chake ni 102 na sehemu, kwa kuwa 102² = 10,404 na 103² = 10,609. Namba tasa zote hadi 13 zimeshapimwa, kwa hiyo za kujaribu zinaanzia 17 na kuishia 101. Hapo una njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya uvumilivu, kugawa kwa kila namba tasa kwa mpangilio. Kwa 17 baki ni 16, kwa 19 baki ni 9, kwa 23 baki ni 16, kwa 29 baki ni 17, kwa 31 baki ni 2. Utaendelea hivyo na kupata baki mara kumi na nane mfululizo, hadi 97 iingie bila baki. Njia hii haina werevu wowote, lakini haikosei, na kwa namba ya tarakimu tano hakuna aibu kuitumia.

Njia ya pili ni ya mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat. Badala ya kutafuta kigawo, tafuta namba ya mraba iliyo kubwa kidogo kuliko namba yako, ambayo ukiitolea namba yako inabaki namba nyingine ya mraba. Anza na 103, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuvuka kipeuo:

103² − 10,573 = 10,609 − 10,573 = 36 = 6²

Jaribio la kwanza tu. Sasa 10,573 = 103² − 6², na tofauti ya miraba miwili hugawanyika kuwa (103 − 6) × (103 + 6), yaani 97 × 109.

Fermat mwenyewe aliionyesha mbinu hii katika barua ya mwaka 1643 kwa kuivunja 2,027,651,281. Kipeuo chake ni 45,029 na sehemu. Alianza na 45,030 na kwenye jaribio la kumi na mbili, 45,041, akapata baki 1,040,400 ambayo ni 1,020². Jibu: 44,021 × 46,061. Kwa njia ya uvumilivu angelazimika kupita kwenye maelfu ya namba tasa.

Usiichukulie kuwa ni dawa ya kila namba. Inafanya kazi haraka pale tu vigawo viwili vinapokaribiana. Chukua 10,577, inayozidi namba yetu kwa nne tu. Ni 7 × 1,511. Njia ya Fermat ingeanzia 103 na kupanda hadi 759, yaani majaribio 657, wakati mgawanyo wa kawaida ungeipata 7 mara moja. Ushauri wangu: ondoa kwanza namba tasa ndogo, halafu mpe Fermat majaribio matano au kumi, na yasipozaa kitu urudi kwenye uvumilivu.

Bado unatakiwa kuhakikisha kwamba 97 na 109 ni tasa. Vipeuo vyake haviifikii 11, kwa hiyo 2, 3, 5 na 7 zinatosha. Hakuna inayoingia. Jibu kamili ni:

69,274,296 = 2³ × 3² × 7 × 13 × 97 × 109

Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwa ukamilifu mwaka 1801 kwamba kila namba inayozidi 1 ina mvunjiko mmoja tu wa namna hii, ukiacha mpangilio wa kuandika. Yeyote atakayeivunja namba hii, kwa njia yoyote, atafika hapa au atakuwa amekosea.

Hatua ya 5: Hakiki kabla ya kuendelea

Kuzidisha vyote upya ni uhakiki mzuri lakini unachosha. Kuna njia fupi, kupima baki ya 11. Kwa namba ya awali tumia makundi ya tatutatu: 296 − 274 + 69 = 91, na 91 inaacha baki 3 kwa 11. Sasa fanya hivyo kwa vigawo, ukipunguza kila unapozidi 11. 8 × 9 = 72, baki 6. Zidisha kwa 7 × 13, ambayo baki yake ni 3: inakuwa 18, baki 7. Zidisha kwa 97, baki yake 9: inakuwa 63, baki 8. Zidisha kwa 109, baki yake 10: inakuwa 80, baki 3. Zimelingana.

Kwa nini nisitumie 9, kama ilivyozoeleka? Kwa sababu 9 ni kigawo cha namba yetu. Baki ingekuwa sifuri hata kama tumekosea mahali pengine, mradi 3² ipo. Pima kwa namba ambayo haimo ndani.

Hatua ya 6: Idadi ya vigawo

Kila kigawo kinatengenezwa kwa kuchagua ni 2 ngapi utachukua (hakuna, moja, mbili au tatu, machaguo manne), ni 3 ngapi (machaguo matatu), na kama utachukua au utaacha kila moja ya 7, 13, 97 na 109 (machaguo mawili kwa kila moja). Kwa kifupi, ongeza 1 kwa kila kipeo na uzidishe:

4 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 192

Vigawo hivi hupangika katika jozi 96 ambazo kila moja ina zao la 69,274,296. Jozi ya kuvutia ni ile ambayo wenzi wake wanakaribiana kuliko wote. Kuipata, gawanya kazi: 97 iende upande mmoja na 109 upande wa pili, kwa sababu zikikaa pamoja tayari zinavuka kipeuo. Vilivyobaki, 2³ × 3² × 7 × 13 = 6,552, vigawe kati ya pande hizo ili zilingane kadiri inavyowezekana. Kwa 84 na 78 unapata 97 × 84 = 8,148 na 109 × 78 = 8,502. Ukijaribu 91 na 72, tofauti inazidi. Kwa hiyo 8,148 × 8,502 ndiyo jozi ya karibu zaidi. Kama ungetaka kupanga vitu 69,274,296 kwenye mstatili wenye safu kamili, huo ndio unaokaribia mraba kuliko mingine.

Hatua ya 7: Jumla ya vigawo

Kwa kila namba tasa, jumlisha vipeo vyake vyote kuanzia 1, kisha zidisha matokeo. Kwa 2³: 1 + 2 + 4 + 8 = 15. Kwa 3²: 1 + 3 + 9 = 13. Nyingine zinaongezewa 1 tu: 8, 14, 98, 110.

15 × 13 × 8 × 14 × 98 × 110 = 235,435,200

Ukitoa namba yenyewe, vigawo vilivyo vidogo kuliko yenyewe vina jumla ya 166,160,904, zaidi ya mara mbili ya namba. Wagiriki wa kale waliziita timilifu zile namba ambazo jumla hiyo inalingana sawasawa na namba, kama 6, 28, 496 na 8,128. Yetu imezidi mno. Wala hapakuwa na haja ya hesabu yote hii ili kujua kwamba inazidi: kila kigawe cha 6 kinachopita 6 yenyewe kinazidi, kwa sababu nusu yake, theluthi yake na sehemu yake ya sita tayari zinajumlishwa kuwa namba nzima, na bado kuna kigawo 1 cha kuongeza. Jibu lilikuwepo tangu hatua ya pili.

Hatua ya 8: Namba zisizoshirikiana nayo

Je, kati ya 1 na 69,274,296 ni namba ngapi ambazo hazina kigawo chochote cha pamoja nayo zaidi ya 1? Leonhard Euler ndiye aliyetoa kanuni. Kwa kila namba tasa, punguza 1, na kama ina kipeo kikubwa kuliko 1, zidisha na namba hiyo tasa yenye kipeo kilichopungua kwa 1. Kwa 2³ ni 4 × 1 = 4. Kwa 3² ni 3 × 2 = 6. Kisha 6, 12, 96 na 108.

4 × 6 × 6 × 12 × 96 × 108 = 17,915,904

Hiyo ni karibu asilimia 26. Yaani ukiokota namba yoyote ndani ya eneo hilo bila kuchagua, kuna nafasi moja kati ya nne hivi kwamba haishirikiani chochote na yetu. Na 17,915,904 yenyewe ina kituko chake: ni 6 × 12⁶, kwa hiyo kwa kizio cha kumi na mbili, yaani ukihesabu kwa makundi ya 12 badala ya 10, ingeandikwa 6000000. Kwa kizio cha kumi haionekani kuwa na mpangilio wowote. Mvunjiko wake haujabadilika, kilichobadilika ni mwandiko. Hilo ni jambo la kuangalia kila unaposoma orodha za “maajabu” ya namba fulani: mengi yanahusu tarakimu, kama vile namba kusomeka sawa kutoka pande zote mbili, na hutoweka ukibadili kizio. Vigawo havitoweki.

Kwa wanaopenda kompyuta, kwa kizio cha mbili namba yetu ni 100001000010000101010111000. Ina nafasi 27, moja zake ni tisa, na sifuri tatu za mwisho ndizo ile 2³ tuliyoitoa mwanzo.

Hatua ya 9: Miraba

Tuanze na tofauti ya miraba, ambayo ni rahisi. Kila jozi ya vigawo ambavyo vyote ni shufwa inatoa njia moja: chukua wastani wao, na nusu ya tofauti yao. Kutoka 8,148 na 8,502 wastani ni 8,325 na nusu ya tofauti ni 177, kwa hiyo

69,274,296 = 8,325² − 177²

Idadi ya jozi kama hizo unaipata kwa kutoa 2 moja kila upande: 69,274,296 ÷ 4 = 17,318,574 = 2 × 3² × 7 × 13 × 97 × 109, yenye vigawo 96, yaani jozi 48.

Jumla ya miraba miwili ni habari nyingine. Kanuni ni hii: angalia namba tasa zinazoacha baki 3 zikigawanywa kwa 4. Ikiwa hata moja kati yake ina kipeo cha witiri, haiwezekani. Kwetu ziko mbili, 3 na 7. Ya 3 ina kipeo cha 2, haina tatizo. Ya 7 ina kipeo cha 1, na hiyo peke yake inafunga mlango. Usipoteze muda kutafuta.

Kile kipande cha 10,573 hakina kizuizi hicho. 97 = 9² + 4² na 109 = 10² + 3². Ukizidisha kwa kuchanganya pande, mara moja ukijumlisha na mara moja ukitoa, unapata njia mbili:

10,573 = 102² + 13²
10,573 = 78² + 67²

Njia mbili tofauti ni ushahidi kwamba namba witiri si tasa, kwa sababu namba tasa haiwezi kuwa na zaidi ya moja. Euler aliutumia ukweli huu kuvunja namba. Mfano maarufu ni 1,000,009, ambayo bila shaka ni 1,000² + 3², lakini pia ni 972² + 235², na kwa hiyo si tasa: ni 293 × 3,413.

Kwa miraba mitatu, Legendre alionyesha kwamba namba zinazoshindikana ni zile ambazo, ukishatoa 4 zote, zinaacha baki 7 kwa 8. Kwetu ukitoa 4 moja inabaki 17,318,574, na 574 ikigawanywa kwa 8 baki ni 6. Inawezekana. Miraba minne inawezekana kwa kila namba, kama Lagrange alivyothibitisha mwaka 1770.

Hatua ya 10: Mzunguko wa desimali

Gawa 1 kwa namba yetu. Desimali hazitaisha, kwa kuwa ndani kuna namba tasa zaidi ya 2 na 5. Ile 2³ inasababisha tarakimu tatu za mwanzo zisizo sehemu ya mzunguko. Baada ya hapo mzunguko unaanza, na urefu wake ni kigawe kidogo cha shirika cha mizunguko ya vipande: 9 ina mzunguko wa 1, 7 ina 6, 13 ina 6, 97 ina 96, na 109 ina 108.

Unajuaje kwamba 97 ina 96? Mzunguko lazima uwe kigawo cha 96, kwa hiyo inatosha kuonyesha kwamba si kigawo cha 48 wala cha 32. Fuatilia baki za vipeo vya 10 kwa 97, ukizidisha baki kwa yenyewe kila mara: 10² inaacha 3, 10⁴ inaacha 9, 10⁸ inaacha 81, 10¹⁶ inaacha 62, 10³² inaacha 61. Kisha 10⁴⁸ ni 61 × 62 = 3,782, ambayo inaacha 96. Si 10³² wala 10⁴⁸ iliyoacha 1, basi mzunguko ni 96 kamili. Kwa 109 fanya vivyo hivyo kwa 10³⁶ na 10⁵⁴. Utapata baki 63 na 108.

Kigawe kidogo cha shirika cha 1, 6, 96 na 108 ni 864.

Namba ikigoma

Tuseme umebaki na kipande cha tarakimu kumi na mbili, na majaribio hayajazaa kitu. Kabla ya kuendelea kugawa, uliza kwanza kama ni tasa. Fermat ana kipimo cha hili pia: ikiwa n ni tasa na haimo ndani ya a, basi a ikipandishwa kwa kipeo cha n − 1 huacha baki 1 kwa n. Ikiacha kingine, n si tasa, hata kama hujui kigawo chake hata kimoja.

Jaribu 91 ukitumia 2. Kwa kuwa 2¹² = 4,096 = 45 × 91 + 1, kipeo cha 84 kinaacha 1, na 2⁹⁰ inaacha 2⁶ = 64. Si 1, basi 91 si tasa. Lakini jaribu sasa kwa 3: 3⁶ = 729 = 8 × 91 + 1, kwa hiyo 3⁹⁰ inaacha 1, na 91 inapita kana kwamba ni tasa. Ndiyo maana haitoshi kutumia a moja. Mbaya zaidi, 561 = 3 × 11 × 17 hupita kwa kila a isiyoshirikiana nayo. Kipimo cha Miller na Rabin kiliziba pengo hilo. Kwa namba zote chini ya 3,215,031,751, kukifanya kwa 2, 3, 5 na 7 kunatoa jibu la hakika.

Kujua kwamba namba si tasa na kuivunja ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Édouard Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kupata kigawo. Vigawo vilisubiri hadi Oktoba 1903, Frank Nelson Cole alipovitoa kwenye mkutano wa wanahisabati huko New York. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni, akaandika 193,707,721 × 761,838,257,287, akazidisha mpaka mwisho, akarudi kukaa bila kusema neno. Umbali huohuo ndio unaolinda siri kwenye intaneti: baadhi ya kufuli zake hufunguka tu kwa anayejua vigawo vya namba kubwa mno. Namba ya tarakimu 129 iliyotolewa kama changamoto mwaka 1977 ilivunjwa mwaka 1994, na ile ya tarakimu 250 mwaka 2020, kwa nguvu kubwa ya kompyuta.

Kwa namba za kawaida, hadi tarakimu nane au tisa, penseli inatosha ukifuata mpangilio huu. Kuanzia hapo hadi tarakimu ishirini hivi, kompyuta ndogo yenye Linux inamaliza mara moja kwa amri ya factor. Andika factor 69274296 nayo itakujibu 2 2 2 3 3 7 13 97 109. Itakuachia wewe hatua ya sita na kuendelea.